CAR-T, TIL au dawa ya kufungua breki: ipi inamfaa nani?

Kwenye wodi wanakolazwa watu waliowekewa seli za CAR-T, yaani seli zao za kinga zilizobadilishwa maabara ziwinde saratani, kila siku muuguzi humpa mgonjwa kalamu na karatasi aandike sentensi moja. Sentensi yenyewe haina uzito, na wengi huandika ileile ya jana. Muuguzi anautazama mwandiko. Siku moja mstari unaanza kupanda mlima, herufi zinapandana, neno la mwisho linaishia njiani, na mgonjwa anasema yuko sawa tu. Hayuko sawa. Seli zilizotumwa kupigana na saratani zimezua vurugu iliyofika hadi kwenye ubongo, na mwandiko umeitoa siri hiyo kabla mwenyewe hajahisi kitu.

Mtu mwingine, mwenye saratani nyingine, anaingia kliniki asubuhi, anatundikiwa dripu ya nusu saa, kisha anaondoka zake mpaka wiki ya tatu au ya sita. Naye ataambiwa kwamba anatibiwa kwa kinga ya mwili wake.

Jina ni moja, lakini safari hizi mbili hazifanani hata kidogo. Ndiyo maana swali la "ipi ina nguvu zaidi?" huwa nalisogeza pembeni kwanza. Ningekuwa mimi ndiye mgonjwa, au mzazi wangu, ningeanza na mawili: saratani hii imebeba alama gani, na inakwenda kwa haraka kiasi gani? Hilo la pili watu hulisahau, na mara nyingi ndilo linaloamua.

Shida ni kutambuana

Seli T ni chembe nyeupe za damu zinazozunguka mwilini zikizipekua seli nyingine mojamoja. Zikikuta iliyoingiliwa na kirusi, zinaiua. Saratani huziponyoka kwa sababu si mgeni: imetokana na seli zako mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na walinzi hawa wamefunzwa tangu mwanzo wasiguse cha nyumbani.

Hata pale seli T zinapoishtukia, saratani nyingi hubonyeza breki ambayo mwili uliiweka kwa nia njema, ili kinga isije ikashambulia viungo vyake yenyewe. Breki zinazojulikana zaidi ni mbili, CTLA-4 na PD-1. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2018 kwa kazi yao juu ya breki hizo.

Hapo njia zinagawanyika. Unaweza kuziachia breki seli T zilizopo. Unaweza kuzitafuta zile chache ambazo tayari zimeshamjua adui, ukazizalisha kwa mabilioni. Unaweza kuzipachika macho mapya maabara. Au unaweza kuifunga seli T na seli ya saratani kwa kamba moja, zikutane zitake zisitake.

Kufungua breki: rahisi kuanza, vigumu kutabiri

Dawa za kundi hili si seli. Ni kingamwili za kiwandani zinazokuja kwenye vichupa, na hospitali yenye uzoefu wa kutoa tibakemikali inaweza kuzitoa. Ipilimumab, inayozuia CTLA-4, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Pembrolizumab na nivolumab, za upande wa PD-1, zilifuata mwaka 2014. Hakuna maabara ya kusubiri: uamuzi ukipita Jumatatu, dripu inaweza kuwa Alhamisi.

Zinafanya kazi vizuri kwenye melanoma, aina ya saratani ya ngozi, na zimebadilisha matibabu ya saratani nyingi za mapafu, figo, kibofu, kichwa na shingo, pamoja na limfoma (saratani ya tezi za limfu) ya Hodgkin. Kwenye kongosho na tezi dume, kwa wagonjwa walio wengi, hazifui dafu. Lakini kiungo ilikoanzia saratani si habari yote. Kuna kipimo ambacho mimi ningekidai kwa saratani yoyote iliyosambaa: kile cha kuangalia kama uwezo wa seli wa kusahihisha makosa ya DNA umeharibika. Seli ya namna hiyo hurundika makosa mengi, na makosa hayo ndiyo yanayoifanya ionekane ngeni machoni mwa seli T. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha pembrolizumab kwa uvimbe wowote wenye kasoro hiyo bila kujali umeanzia wapi. Halijawahi kutokea kabla ya hapo. Kisha mwaka 2022 madaktari wa Memorial Sloan Kettering, New York, wakatoa ripoti ya wagonjwa 12 wa saratani ya njia ya haja kubwa wenye kasoro hiyohiyo, waliopewa dostarlimab, nayo dawa ya kufungua breki ya PD-1, peke yake. Wote 12 uvimbe ulitoweka. Hawakupasuliwa wala kupigwa mionzi. Anayejua maana ya kuishi na mfuko wa choo ubavuni ataelewa kwa nini habari hiyo ilizunguka dunia nzima.

Wanaopatikana na kasoro hiyo ni wachache. Lakini kipimo kinafanyika kwenye kinyama kilekile kilichokwisha kukatwa, na kutokipima ni kujinyima bahati ambayo huenda imelala kwenye kabati la maabara.

Uzuri wa pili ni kudumu. Jaribio kubwa la melanoma iliyosambaa lilifuatilia wagonjwa kwa miaka 10: waliopewa nivolumab pamoja na ipilimumab, 43% walikuwa bado hai. Kabla ya dawa hizi, ugonjwa huo ukishasambaa, wengi hawakuumaliza mwaka. Rais wa zamani wa Marekani Jimmy Carter alitangaza mwaka 2015 kwamba melanoma imefika kwenye ini na ubongo. Alipewa pembrolizumab pamoja na upasuaji na mionzi, na alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100.

Sasa upande wa pili. Breki ikifunguliwa, imefunguliwa kwa mwili mzima, na seli T zinaweza kugeukia tezi ya shingo, utumbo, mapafu, ini, ngozi, na mara chache moyo. Hatari kubwa ninayoiona ni ya kutolitambua tatizo linapoanza. Mgonjwa anaharisha mara sita kwa siku, anasema tumbo limechafuka, ananunua dawa ya kufunga choo na kusubiri. Kumbe utumbo mpana unashambuliwa na kinga yake mwenyewe, na kinachohitajika ni steroidi, leo, si wiki ijayo. Kikohozi kikavu kinachoambatana na kuishiwa pumzi ni hivyohivyo. Madhara haya yanaweza kujitokeza miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho, wakati mgonjwa ameshasahau kwamba aliwahi kupewa dawa. Kwa hiyo jina la dawa liandikwe kwenye kadi, kadi ikae kwenye pochi, na kila daktari mpya aionyeshwe, hata wa meno. Tezi ya shingo ikiharibika mara nyingi hairudi, na mtu hubaki akimeza kidonge cha homoni kila asubuhi maisha yake yote. Wengi huona hiyo ni bei nafuu.

Aliyepandikizwa figo, au mwenye ugonjwa wa kinga kujishambulia, ana mazungumzo marefu zaidi ya kufanya na madaktari wake. Kinga ikiachiwa inaweza kuikataa figo ile, na mtu akajikuta anachagua kati ya saratani na mashine ya kusafisha damu.

CAR-T: kuzipachika seli macho

Hapa ndipo dawa inakuwa seli zako kweli. Mgonjwa anakaa kwenye kiti saa kadhaa akiwa ameunganishwa na mashine: damu inatoka upande mmoja, mashine inachuja chembe nyeupe, iliyobaki inarudi mwilini. Midomo huanza kuwashawasha na kufa ganzi, kwa kuwa dawa inayozuia damu isigande kwenye mashine hushusha kalsiamu. Muuguzi anaongeza kalsiamu, mambo yanatulia. Mfuko unagandishwa au kupoozwa na kusafirishwa. Maabara hutumia kirusi kilichonyang'anywa uwezo wa kuzaliana, kipeleke ndani ya seli T jeni ya kipokezi cha kubuni, na kipokezi hicho ndicho CAR. Kuanzia hapo seli haihitaji tena kufundishwa na mwili. Ikiona alama iliyolengwa, inaua. Zinazalishwa, zinapimwa, zinagandishwa, zinarudishwa.

Siku chache kabla ya kuzipokea, mgonjwa hupewa tibakemikali ya fludarabine na cyclophosphamide, kwa kawaida kwa siku tatu, kuzipunguza seli zilizopo ili wageni wapate nafasi. Halafu inafika siku yenyewe, ambayo wengi huiona kama imewapunja: mfuko mdogo unayeyushwa, unaingia mshipani kwa muda usiozidi nusu saa, chumba kinanuka kama kitunguu saumu kwa sababu ya kihifadhi, basi.

Shughuli inaanza baadaye. Ndani ya siku chache homa inapanda, presha inaweza kushuka, pumzi ikabana. Seli zinapoikuta saratani zinamwaga kemikali za kuitana, sitokini, na zikizidi zinakuwa dhoruba. Mwaka 2012 huko Philadelphia, mtoto wa kwanza kutibiwa lukemia, saratani ya damu, kwa njia hii, msichana wa miaka 6, alifika kwenye mashine ya kupumulia. Vipimo vilionyesha kwamba sitokini iitwayo IL-6 imepanda kupita kiasi. Carl June, mmoja wa walioitengeneza tiba hiyo, alikuwa anaijua dawa inayozuia IL-6, tocilizumab, kwa sababu binti yake mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa viungo wa utotoni unaotibiwa nayo. Walimpa. Msichana alipona dhoruba, na lukemia pia. Leo dawa hiyo inakuwa tayari kabla mfuko wa seli haujafunguliwa.

CAR-T ya kwanza iliidhinishwa Marekani Agosti 2017, kwa watoto na vijana wenye lukemia kali ya seli B iliyokataa dawa nyingine. Zikafuata za limfoma, kisha mwaka 2021 na 2022 za mieloma, saratani inayoanzia kwenye uboho. Zote hizo ni saratani za damu, na sababu ni rahisi ukiitazama alama. CAR-T za lukemia na limfoma zinalenga CD19, alama iliyopo kwenye seli B (chembe nyeupe zinazohusika na kutengeneza kingamwili) zote, zenye saratani na nzima. Tiba inazifagia zote pamoja. Mtu anaweza kuishi bila seli B: kingamwili zinapungua, maambukizi yanamwandama, wengine wanaongezewa kingamwili za dripu. Lakini hakuna anayeishi bila mapafu. Mpaka ipatikane alama iliyoko kwenye uvimbe na isiyoko kwenye kiungo usichoweza kukikosa, CAR-T kwa uvimbe wa nyama itaendelea kuwa kazi ya majaribio zaidi kuliko ya wodi.

Wale 17

Jaribio lililoipatia idhini CAR-T ya kwanza linasifiwa kwa namba moja: 81% ya wagonjwa walipata nafuu kamili ndani ya miezi mitatu. Kwa watoto na vijana ambao dawa zilikuwa zimewaishia, ni matokeo ya kushangaza. Ila hiyo 81% ni ya watu 75 waliowekewa seli. Walioandikishwa walikuwa 92. Hao 17 wengine hawakufika: baadhi seli zao hazikutengenezeka inavyotakiwa, baadhi walifariki wakisubiri, na wachache walipata matatizo ya kiafya yaliyowazuia.

Siwataji ili kuibeza tiba. Nawataja kwa sababu wewe, siku ya kuamua, uko kwenye kundi la 92. Kutoka kuchujwa damu hadi kurudishiwa seli huchukua wiki tatu hadi sita, kutegemea bidhaa na foleni. Katika muda huo saratani haijalala. Madaktari hujaribu kuishikilia kwa "tiba ya daraja", tibakemikali au mionzi ya kuvushia tu, na daraja likikatika safari imeishia hapo. Subira huvuta heri pale ugonjwa unapokuwa na subira pia.

Kwa waliovuka, faida inaweza kuwa ya miaka. Kwenye limfoma kubwa ya seli B iliyokataa tiba, CAR-T iitwayo axi-cel iliwaacha takriban 43% wakiwa hai miaka mitano baadaye. Kwenye mieloma, jaribio la CAR-T iitwayo cilta-cel lilikuwa na wagonjwa 97 waliokwisha kupita dawa nyingi, na theluthi moja, watu 32, walifikisha miaka mitano bila ugonjwa kusonga mbele, kwa dozi moja tu.

Mambo mawili yawekwe mezani. Tangu Januari 2024 FDA imetaka CAR-T za CD19 na za BCMA, alama inayolengwa kwenye mieloma, zibebe onyo kali kuhusu saratani mpya za seli T. Waliopatwa ni wachache sana ukilinganisha na waliotibiwa, na kwa mtu ambaye saratani ya sasa inammaliza, mimi sioni kama hiyo ni sababu ya kukataa. Lakini ni sababu ya kufuatiliwa maisha yote. La pili ni mwangalizi. Kituo kitataka mtu mzima wa kukaa na mgonjwa usiku na mchana, karibu na hospitali, kwa wiki kadhaa. FDA ilipunguza masharti mwaka 2025, kutoka wiki nne za kukaa jirani hadi mbili, na katazo la kuendesha gari kutoka wiki nane hadi mbili. Bado, asiye na mtu wa kumwachia kazi na watoto kwa muda huo anaweza kukwama hapo kabla ya kukwama kwenye kipimo chochote.

CAR-T au kingamwili za mikono miwili?

Kwa limfoma na mieloma, hili ndilo chaguo halisi lililopo leo, na ndilo gumu zaidi.

Kingamwili hizi zina mikono miwili: mmoja unashika seli T, mwingine unashika seli ya saratani. Hakuna seli inayotolewa mwilini wala maabara ya kusubiriwa. Ya kwanza kushika njia ilikuwa blinatumomab, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2014 kwa lukemia kali ya seli B. Hiyo huingia mshipani mfululizo, saa 24, wiki nne kwa mpigo, hivyo mgonjwa huzunguka na pampu ndogo kwenye mkoba, analala nayo, anaoga kwa kuibia. Za baadaye ni za kuchomwa chini ya ngozi au dripu za mara chache zaidi: teclistamab ya mieloma mwaka 2022, epcoritamab na glofitamab za limfoma mwaka 2023.

Ukizipima kwa macho tu, CAR-T inaonekana kushinda. Kwenye limfoma kubwa ya seli B, ugonjwa ulitoweka kabisa kwa 54% ya waliopewa axi-cel kwenye jaribio lake la kwanza, na kwa 39% ya waliopewa glofitamab kwenye la kwake. Tahadhari: hayo ni majaribio mawili tofauti, na waliopewa glofitamab ni pamoja na watu ambao CAR-T ilikwisha kuwashinda. Isitoshe, mtu aliyefanikiwa kuingia kwenye jaribio la CAR-T alikuwa na afya ya kuweza kusubiri. Namba za pande mbili zikiwekwa bega kwa bega hivi, zinadanganya kidogo kila upande.

Mimi ningepima hivi. Ugonjwa unaokimbia, uvimbe unaoongezeka wiki kwa wiki, kituo cha CAR-T mbali: mikono miwili inaanza wiki hii, CAR-T inaanza mwezi ujao. Ugonjwa uliotulia kiasi, mwili wenye nguvu, mwangalizi yupo: CAR-T ina kitu ambacho mwenzake hana, yaani dozi moja halafu kupumzika. Hilo la kupumzika lisidharauliwe. Kati ya zile za mikono miwili, glofitamab ina mwisho, mizunguko 12. Teclistamab huendelea kwa muda mrefu, sindano baada ya sindano, na maambukizi yanaandamana nayo. Mgonjwa mmoja anaona heri sindano za kila mara kuliko wiki moja ya homa na kuchanganyikiwa. Mwingine amechoka na hospitali kiasi kwamba yuko tayari kuumia mara moja aondoke. Hilo daktari hawezi kukuamulia.

Na dhoruba ya sitokini? Ipo kote kuwili. Kwenye mikono miwili huwa nyepesi zaidi kwa wengi, kwa sababu dozi hupandishwa ngazi kwa ngazi, na ikizidi unaacha kuchoma. Seli za CAR-T zikishaingia huwezi kuziita zirudi.

Mpangilio nao una maana. Waliopita CAR-T ikawashinda, wengi bado hufaidika na kingamwili hizi. Kuanza na kingamwili kisha kwenda CAR-T kunawezekana pia, ila kwenye mieloma, kama alama inayolengwa ni ileile, BCMA, saratani inaweza kuwa imeshajifunza kuificha. Ningependa daktari anieleze mpango wa hatua mbili mbele, asiniambie ya leo tu.

TIL: wanaokwisha kumjua adui

TIL ni seli T zilizokwisha kujipenyeza zenyewe ndani ya uvimbe. Steven Rosenberg na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani waliripoti mwaka 1988 kwamba zikitolewa, zikazalishwa kwa wingi na kurudishwa, uvimbe wa melanoma unaweza kunywea. Ilipita miaka 36 kabla ya bidhaa ya kwanza, lifileucel, kuidhinishwa Februari 2024, na hiyo ndiyo tiba ya kwanza ya seli T kuidhinishwa Marekani kwa uvimbe wa nyama.

Faida yake ikilinganishwa na CAR-T ni kwamba hailengi alama moja. Kwenye mfuko mmoja kuna seli za aina nyingi, kila moja na jicho lake, hivyo saratani ikificha alama hii inashikwa kwa ile. Hasara ni uzito wa safari. Lazima upasuliwe kwanza, kikatwe kipande cha uvimbe. Kisha wiki kadhaa za maabara. Kisha tibakemikali nzito kuliko ile ya CAR-T. Baada ya seli kuingia, dozi hadi sita za IL-2, dawa inayozichochea seli zikue, nayo inawatesa watu: mishipa huvuja maji, mwili unavimba, presha inashuka, kutetemeka kwa baridi kunakuja kwa mawimbi. Kwa mwenye moyo au figo dhaifu, mlango huu kwa kawaida umefungwa.

Matokeo? Kwenye jaribio la lifileucel, uvimbe ulinywea kwa 31.5% ya wagonjwa 73, wote wakiwa wamekwisha kupita dawa za PD-1. Jaribio la Uholanzi na Denmark lililochapishwa mwaka 2022 liliwagawa wagonjwa 168 wa melanoma kati ya TIL na ipilimumab: ugonjwa ulitulia kwa miezi 7.2 kwa wastani upande wa TIL, na 3.1 upande wa pili. Kila mmoja wa waliopewa TIL alipata madhara makali. Upande wa ipilimumab ilikuwa 57%.

Kwa hiyo kwa melanoma sina shaka juu ya mpangilio: dawa za breki kwanza, zikishindwa TIL, na wazo la TIL liingie kwenye mazungumzo mapema, wakati bado kuna uvimbe unaokatika kirahisi na mwili wenye nguvu ya kuhimili IL-2.

Mbili za kupitia haraka

TCR-T ni binamu wa CAR-T anayeweza kuona vitu vilivyo ndani ya seli, siyo juu ya ngozi yake tu. Afami-cel iliidhinishwa Agosti 2024 kwa sarkoma ya sinovia, saratani adimu ya tishu laini, na uvimbe ulinywea kwa karibu 43% ya wagonjwa 44. Masharti ni mawili na hayana msamaha: uvimbe uwe na alama ya MAGE-A4, na wewe uwe umezaliwa na aina fulani ya HLA-A*02, alama ya kurithi iliyo juu ya seli zako. Kipimo cha damu kikisema huna, imekwisha.

Sipuleucel-T ya tezi dume, ya mwaka 2010, hutumia seli zako zinazowafundisha walinzi. Iliongeza maisha kwa takriban miezi minne. Ni ya heshima kihistoria, na kwa wachache bado ina nafasi.

Anayekuuzia "seli za kinga" kwa kila saratani

Kuna kliniki zinazotangaza kuchukua damu yako, kuzikuza seli za kinga na kukurudishia, kwa saratani yoyote, hatua yoyote, bila kuuliza alama. Mwaka 2016 huko China kijana wa chuo wa miaka 21 alifariki baada ya familia yake kutumia kila ilichokuwa nacho kwenye tiba ya aina hiyo, waliyoipata kwa kutafuta mtandaoni. Kilio kilichofuata kiliilazimisha serikali kuingilia kati. Ugonjwa wake ulikuwa sarkoma ya sinovia, ileile ambayo miaka minane baadaye ilipata TCR-T ya kweli. Tiba zote mbili zinaitwa za seli za kinga. Moja inakataa wagonjwa wengi kwa sababu vipimo vyao havikubali, nyingine haimkatai yeyote mwenye pesa. Mimi ningeanza kuamini pale ninapoona mtu anakataliwa.

Kabla ya dripu inayofuata

Ushauri wa vitendo ninaouona ukichelewa zaidi ni huu. CAR-T inatengenezwa kwa seli T ulizonazo siku ya kuchujwa, na baadhi ya dawa huziacha zikiwa chache na zimechoka. Bendamustine, inayotumika sana kwenye limfoma, ni mfano unaojulikana: ikitolewa muda mfupi kabla ya kuchujwa, matokeo ya CAR-T huwa hafifu zaidi. Steroidi za dozi kubwa nazo ni shida. Mtu anaweza kupewa mzunguko mmoja wa dawa "ili tusikae bure", kumbe mzunguko huo umeiharibu malighafi ya tiba iliyokuwa inafuata.

Kwa hiyo limfoma ikirudi, au mieloma ikianza kuonyesha kiburi, swali la kupelekwa kwenye kituo cha seli liulizwe siku hiyohiyo, hata kama utaishia kuchagua njia nyingine. Omba majina ya alama zilizopimwa kwenye kinyama chako, na zipi hazijapimwa. Uliza kituo kinachotoa tiba hiyo kina wastani wa siku ngapi kati ya kuchuja damu na kurudisha seli, na kati ya wagonjwa waliochujwa, wangapi walirudishiwa. Kituo kinachofanya kazi hii kwa uaminifu kinajua namba hizo. Na kama dawa mpya imeshaandikwa kwenye faili, uliza inafanya nini kwa seli T zako, kabla hawajaitundika.